Nusu na Kidonge Kizima

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyejaliwa akili, sura na sauti. Mdogo wangu alijaliwa mikono. Sijisifu, anayejisifu ni asiye na ushahidi. Mimi niliishia darasa la sita na bado naandika haya bila kumwomba mtu msaada, wakati yeye aliyesoma hadi mwisho hushika kalamu kama anataka kuitoboa karatasi. Lakini mletee kochi lililochanika, limelaliwa na paka na kurukiwa na watoto wa miaka kumi, kisha rudi baada ya siku tatu. Utaona haya kulikalia.

Mtaa mzima unamwita Nusu, na jina hilo alilipata kwa mama yetu. Mama alikuwa na watoto wawili wa kiume na sheria moja: mmoja akate, mwenzake achague. Iwe mkate, chungwa au kipande cha sabuni, mmoja atakata na mwingine atachagua wa kwanza. Mimi kwa akili zangu niligundua mapema kwamba kukata ni kazi na kuchagua ni cheo, nikajipa cheo. Yeye akawa mkataji wa kudumu. Akajifunza kukata sawasawa hadi cheo changu kikakosa maana. Nilikuwa nashika vipande viwili vya chungwa, nageuza, nanusa, naweka kwenye mwanga, nisione kikubwa kiko wapi.

Tabia hiyo ilikua naye. Siku moja mvua ilimkuta barabarani na mwavuli mmoja, akamwona jirani yetu amejikunyata chini ya paa la duka. Mtu mwingine angempa mwavuli, au angempita. Nusu alimkaribisha, wakagawana katikati kabisa, wakafika nyumbani wote wawili wamelowa bega moja moja.

Basi mtu huyo, akiwa na miaka arobaini na tisa, alianza kutoka damu kwenye fizi. Mwilini akawa na mabaka ya bluu ambayo alisema ni ya nyundo. Nikamuuliza tangu lini nyundo inapiga mgongoni. Mkewe, shemeji yangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, akamfunga mkanda wa suruali na kumpeleka hospitali. Huko wakasema ni saratani ya damu.

Dawa za kwanza zilimlaza mwezi mzima, zikamnyoa kichwa, kisha akapata miezi minane ya amani. Ugonjwa ukarudi. Wakampa dawa ya pili, ugonjwa haukushtuka. Daktari wake, mtu wa sauti ya chini ambaye humfanya mgonjwa amwinamie, alitueleza kwamba kwa watu wazima saratani ya aina hii hujifunza. Ukiipiga kwa dawa moja, inatafuta njia ya pembeni. Mimi nilimwelewa upesi kuliko wote mle chumbani. Ni kama mwizi aliyezoea nyumba yako: ukifunga mlango anaingia dirishani. Kwa hiyo sasa wanaipiga kwa dawa kadhaa pamoja, mlango na dirisha kwa mpigo mmoja. Swali lililobaki, ambalo hakuna aliyelijua, ni kama inafaa kuziba na paa, au kuziba na paa kutamkosesha hewa mwenye nyumba.

Ndiyo maana kulikuwa na jaribio. Wagonjwa ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwatibu waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata dawa mbili: sindano ya siku saba kila mwezi na kidonge cheupe cha kila siku. Kundi la pili lilipata hizohizo mbili na ya tatu juu yake, kidonge kimoja cha njano kila asubuhi. Nani aingie wapi, hakuna aliyechagua. Kompyuta ilipiga kura. Fomu ya kukubali ilikuwa na kurasa kumi na nne, nami nilimsomea zote kwa sauti, maneno magumu nikiyaruka kama mbuzi anavyoruka mtaro. Akatia sahihi.

Siku ya kura alikaa benchi moja na mtu mwenye kichwa kinachong'aa kama sufuria mpya. Nikamuuliza kazi yake, akasema kinyozi. Nikamwambia nilikuwa nasikia kinyozi hajinyoi, leo nimemwona aliyejinyoa. Alicheka hadi akashika mbavu, akajibu kwamba hakujinyoa, amenyolewa na dawa, na zimemnyoa vibaya kwa sababu zimechukua hadi nyusi. Tangu hapo yeye na Nusu wakawa kama pete na kidole. Jumanne zote, wakienda kuongezewa damu, walikaa jirani katika chumba cha dripu, chenye viti sita vya kuegemea. Kimoja kilikuwa kimechanika mkono na kutoa sponji, na Nusu hakuacha kukitazama hata mara moja.

Kura ikatoka. Nusu, dawa tatu. Kinyozi, dawa mbili. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale, lakini mdogo wangu alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kiti huku mwenzake amesimama.

Nilipewa kazi rasmi. Kila mgonjwa alihitaji mtu wa kumtazama akinywa dawa na kutia alama kwenye kijitabu, na shemeji huingia kazini alfajiri, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Kila asubuhi saa moja nilikuwa karakanani kwake, anakoshona makochi, kijitabu mkononi. Nusu ananionyesha mkono wake wa kazi, unapita mdomoni, anakunywa maji, anatoa ulimi. Natia alama. Alama zangu zilikuwa nzuri, zote zimelala upande mmoja kama mchele kwenye ungo.

Muuguzi wa jaribio, tuliyemwita Sista Kalamu kwa sababu ya kalamu nyekundu isiyotoka nyuma ya sikio lake, alikuwa anakagua kijitabu na kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Hesabu ilikuwa inakubali kila mara. Nikamwambia hospitali nzima haina msimamizi kama mimi, nasimama mbele ya mgonjwa kama askari wa lindo.

Akaniuliza bila kuinua macho, "Unatazama kidonge au unatazama mdomo, mzee?"

Nikamjibu natazama vyote viwili. Akaandika kitu kwa nyekundu.

Baada ya siku ishirini na nane walimchoma Nusu sindano ya nyonga kuvuta uboho, ule urojo wa ndani ya mfupa ambako damu inatengenezwa. Kabla ya jaribio, katika kila chembe mia za uboho wake, thelathini na nane zilikuwa mbovu. Sasa zilikuwa thelathini na sita. Kinyozi, kutoka arobaini na moja, alikuwa ameshuka hadi kumi na tisa. Nikamtania mdogo wangu kwamba mwenye dawa mbili anamwacha mbali, hizo tatu zake zinafanya nini humo ndani, zinacheza karata? Alitabasamu, akasema amefurahi kwa ajili ya Kinyozi. Nami nilijua anasema kweli, jambo lililonikera zaidi.

Daktari wa sauti ya chini hakutania. Alisema atampa mzunguko wa pili wa siku ishirini na nane. Ukiisha na uboho haujabadilika, atamtoa kwenye jaribio, maana hakuna faida kumpa mtu sumu isiyomsaidia. Nikauliza baada ya hapo kuna dawa gani. Akasema baada ya hapo watahakikisha hapati maumivu. Nilielewa, ingawa nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jumanne ya wiki ya sita, kiti cha Kinyozi kilikuwa kitupu. Nusu alikuwa anasubiri majibu ya damu yake, na kwa ruhusa ya Sista Kalamu amekalia stuli mbele ya kile kiti kilichochanika, sindano yake ya shazia, ile nene ya kushonea ngozi, iko mkononi, anashona mkono wa kiti. Mtu yule hawezi kuona kitu kimefumuka akakaa kimya. Tukauliza habari za mwenzetu. Sista akasema amelazwa tangu juzi kwa homa kali, chembe za damu za kumlinda zimekwisha karibu zote, na madaktari hawaelewi kwa nini dawa mbili zimemwangusha hivyo. Tena ni mtu wa tatu katika kundi la dawa mbili. Ikiendelea hivyo, kundi zima litapunguziwa dozi, hapa na katika hospitali nyingine zote zilizo katika jaribio.

Sindano ya shazia ilisimama nusu ya mshono. Nusu akauliza kama dozi ndogo itawatosha hao wengine. Sista akasema hajui, ndiyo hofu yenyewe. Nusu akamaliza mshono ule mmoja, akakata uzi kwa meno, akaacha kazi bila kuimaliza. Sikuwahi kumwona akiacha kazi bila kuimaliza.

Asubuhi iliyofuata saa yangu ilikimbia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niinunue, nikafika karakanani nusu saa kabla ya wakati. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikamkuta mezani, mgongo kwangu, mbele yake kipande cha ngozi, na juu ya ngozi kidonge cha njano. Mkononi alikuwa na kile kisu chake chembamba cha kukatia ngozi. Akaweka makali katikati, akabonyeza mara moja tu. Vipande viwili. Pembeni palikuwa na kibiriti kimefunguliwa. Hakikuwa na njiti. Ndani kulikuwa na nusu nyingine za njano, na juu ya ngozi ile vumbi la njano la siku nyingi, jepesi kama poda.

Kwenye kopo la dawa ile kuna maandishi makubwa: usikate, usivunje, usitafune. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya tatu ya mzunguko wa kwanza.

"Lakini nilikata vizuri, kaka," alisema. "Na yeye ndiye alikuwa anachagua."

Nikakaa juu ya gunia la sponji. Akanieleza polepole, kama anayeeleza kipimo cha kochi. Kwamba haikuwa haki. Wameumwa sawa, wamekaa benchi moja, halafu mashine inampa huyu tatu na yule mbili. Kinyozi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alichukua, maana mtu akishaogopa kufa hawezi kukataa kila siku. Jumanne kwa Jumanne Kinyozi alichagua nusu saba za wiki, nazo zilikuwa zinapita kutoka mfuko mmoja wa shati hadi mwingine, chini ya pua ya Sista Kalamu na, naona aibu kuandika, chini ya pua yangu. Kila asubuhi alichotia mdomoni mbele yangu kilikuwa nusu iliyobaki baada ya mwenzake kuchagua. Rangi ilikuwa ya njano, nami nikatia alama. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawa wawili hawakuwa na hata moja, na mimi mwenye nywele niliwazidi ujinga.

Hapo akili yangu ikaamka, nikampa mpango, tena mpango mzuri. Atupe kibiriti chooni. Kuanzia leo anywe kidonge kizima. Zimebaki wiki mbili na ushei mzunguko uishe. Dawa ikipata nafasi yake kamili, uboho utashuka, daktari hatamtoa, na hakuna atakayejua. Akisema ukweli, watamfukuza kesho, amevunja sheria za jaribio, na tulishaambiwa rafu ya dawa baada ya jaribio haina kitu. Nilimwambia nimezaliwa na ndugu mmoja tu na sina mpango wa kubaki peke yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akafuta kisu kwa kitambaa.

"Kinyozi yuko kitandani, na wanaomtibu hawajui alichokunywa," alisema. "Na zile dawa mbili zinasingiziwa. Watu wapunguziwe dozi kwa kosa langu?"

Nikamwambia dawa hazina heshima ya kuvunjiwa. Akasema watu wanazo roho. Akatia kibiriti mfuko wa shati, akavaa viatu. Niliandamana naye. Njiani sikumkumbusha mpango wangu ila mara nne.

Chumba cha Sista Kalamu ni kidogo: meza, mizani, friji ya dawa yenye kipimajoto mlangoni, na mafaili yamepangwa kwa rangi. Nusu aliweka kibiriti mezani, akakisukuma kwa kidole. Sista akafungua, akatazama. Akachomoa kalamu nyekundu, akairudisha sikioni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunyanyua simu, akapiga wodini na kumwambia daktari kwamba mgonjwa yule wa homa alikuwa anakunywa na nusu ya kidonge cha njano, na kidonge hicho, pamoja na dawa ya fangasi aliyopewa wiki iliyopita, hugombana. Akataja dozi, akataja siku. Alipokata simu ndipo alipotugeukia.

Nilitegemea kelele. Sista hakupaza sauti. Alimuuliza kwa nini, naye akajibu kwamba alidhani mwenzake amepunjwa.

"Nani alikwambia tatu ni bora kuliko mbili?"

"Hesabu," Nusu alisema.

"Sisi wenyewe hatujui. Tungejua, tusingepiga kura, tungewapa wote iliyo bora. Labda tatu zinaponya. Labda ya tatu inaumiza bure na mbili zinatosha. Ndicho tunachotafuta." Akagonga kibiriti kwa ukucha. "Sasa nina watu wawili wenye dawa mbili na nusu. Kundi hilo halipo, baba. Umelianzisha wewe."

Macho ya Nusu yalikuwa kwenye zile nusu, ambazo kwa kweli zilikuwa zimekatwa sawa kama zimetoka kiwandani hivyo.

"Kwa hiyo nyinyi mnaokata hamchagui," alisema.

"Hatuchagui. Daktari akiruhusiwa kuchagua, atampa dawa anayoitumaini mgonjwa anayempenda, na hatutajua kamwe kilichomponya ni nini."

Nikaona kitu kimetua usoni mwake, kama mtu aliyesikia sauti ya mama yake chumba cha pili. Akauliza kama atatolewa. Sista akasema hilo hana mamlaka nalo. Ataandika kila kitu kama kilivyokuwa, wakubwa wa jaribio watakaa, na jibu litakuja. Kisha akanigeukia mimi, akaomba kijitabu, akapiga mstari mwekundu mmoja mrefu juu ya alama zangu zote. Kazi yangu niliipoteza hivyo, bila barua.

Tulisubiri siku tisa. Kidonge cha njano kilisimamishwa, vyeupe akaendelea navyo. Mdogo wangu alikwenda karakanani kila siku, akashona mto wa kochi la jirani, akatembea polepole kwa kukosa damu, akapumzika kila baada ya hatua ishirini. Hakuongea juu ya jibu. Mimi niliongea kwa wote wawili. Siku ya nne tuliruhusiwa kumwona Kinyozi, homa imeshuka baada ya madaktari kujua cha kupunguza. Alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Aliomba msamaha kwa Nusu, Nusu akaomba msamaha kwake, wakaendelea kuombana hadi nikawaambia wagawane msamaha nusu kwa nusu twende zetu.

Jibu likaja siku ya kumi. Kinyozi aendelee na mbili zake. Homa yake iliandikwa inavyostahili, na kundi lile halikupunguziwa dozi. Nusu abaki, kwa sababu alijieleza mwenyewe kabla hajakamatwa na kwa sababu dawa kamili hakuwahi kuijaribu. Lakini siku saba za kwanza anywe kidonge mbele ya Sista Kalamu. Mimi nilikuwa mlangoni nikiangalia. Sista aliweka kidonge kizima kwenye kiganja chake, akasubiri. Nusu alikitazama kama mtu aliyepewa mkate mzima na kuambiwa asikate. Akakimeza, na koo lake likafanya kazi kubwa, kana kwamba hajazoea kitu kisicho na upande wa mtu mwingine.

Kinyozi ndiye aliyefika wa kwanza. Mwisho wa mzunguko wa tatu chembe zake mbovu zilikuwa nne katika mia, kwa dawa mbili tu, na chini ya tano madaktari husema ugonjwa umetulia. Nusu siku hiyo alikuwa na kumi na saba. Kinyozi alimtania mwezi mzima kwamba amebeba dawa tatu kama punda na bado yuko nyuma. Mwisho wa mzunguko wa nne Nusu akafika tatu. Daktari wa sauti ya chini alitukanya tusiseme amepona, tuseme ametulia. Jaribio lenyewe halijaisha, na kama tatu zinashinda mbili hakuna anayejua hadi leo, hata mimi.

Jumanne iliyofuata Nusu alimaliza kile kiti cha chumba cha dripu. Alikibadilisha sponji, akakivika ngozi mpya ya kahawia, mshono hauonekani hata ukiutafuta kwa kidole. Kikawa kiti bora kuliko vyote, na waliofika mapema walikuwa wawili: yeye na Kinyozi. Nilitegemea atamwambia mwenzake kaa. Badala yake alikata nyuzi mbili, fupi na ndefu, akazificha kiganjani, akamwambia Kinyozi avute.

Kinyozi akavuta ndefu. Akajitupa kitini, akaegemea, akatoa sauti ya mtu aliyerudi kwao. Nusu akaenda kukaa kwenye kiti cha chuma karibu na mlango, akakunja shati, akanyoosha mkono kwa ajili ya dripu.

Nikamfuata nikamnong'oneza kwamba dripu ni ya saa mbili, wangeweza kugawana, saa moja huyu na saa moja yule.

"Kura imeshapigwa, kaka," alisema, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Kinyozi alikuwa ameshaanza kukoroma.